Hekalu la Msomi Aliyesingiziwa

Niigata, Japani
14 Aprili 2024

Dada Mwamvita,

Shikamoo. Ulitaka nikuandikie kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nacheka tu bila kusema kitu, halafu Faraja anakunyang'anya simu na sisi tunabaki hatujaongea. Haya, nimekaa mezani naandika.

Baridi imepungua. Miezi yote hii nimekuwa nikilala na soksi mbili mbili. Sasa mashamba ya mpunga yaliyo nyuma ya chuo yameanza kujazwa maji, na nikiyatupia jicho haraka nadhani niko Dakawa, mpaka nione theluji kwenye milima iliyo kwa nyuma. Profesa ananibana na vipimo vyangu vya mbegu, lakini naenda naye. Nikimaliza salama, Septemba mwakani nitakuwa nyumbani.

Kuna mahali nataka nikusimulie. Juu ya bweni letu kuna kilima chenye ngazi mia na kumi na mbili, na kileleni kuna hekalu la dini yao ya zamani, Shinto. Unapita chini ya lango la mbao, nguzo mbili na boriti mbili juu, halina mlango wala komeo. Pembeni kuna birika la jiwe, watu wananawa mikono na kusukutua kabla ya kusogea mbele. Siku ya kwanza nilipoona hivyo nikakumbuka udhu, machozi yakanitoka.

Wanaoheshimiwa pale ni wawili. Mmoja ni wa ulinzi, wanasema anauchunga mji. Wa pili ni wa elimu, na huyu alikuwa mtu kabisa, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Aliyenisimulia ni Bi Haruko, mwalimu mstaafu anayefagia uwanja wa hekalu kila asubuhi. Alisema yule alikuwa msomi aliyepanda cheo mpaka wenzake wakamwonea wivu, wakamsingizia kwa mfalme. Akafukuzwa, akafia mbali na kwao. Baadaye radi ikapiga jumba la mfalme na waliomsingizia wakaanza kufa. Watu wakaingiwa na hofu, wakamjengea hekalu ili wamtulize. Leo wanafunzi wa nchi nzima wanamwomba wafaulu mitihani.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mlianza kwa kumwogopa?"

Akasimamisha ufagio. "Hapana. Tulianza kwa kumkosea."

Mimi sisali pale, usiwe na wasiwasi. Nasimama pembeni kama mgeni. Lakini siku nyingi najikuta nimeshapanda zile ngazi.

Humu ndani ya bahasha kuna kifuko kidogo cha hariri, watoto wa huku wanakitundika kwenye begi wakati wa mitihani. Ni cha Faraja, kwa ajili ya darasa la saba. Tena pale hekaluni kuna vibao vya mbao ambavyo watu huviandikia maombi yao na kuvitundika uani. Niliandika jina lake kwenye kimoja. Kwa Kiswahili! Bi Haruko akasema hakiwezi kukosa kuonekana.

Nisalimie wateja wako wa iliki.

Mdogo wako,
Raya

*

Mafiga, Morogoro
20 Mei 2024

Raya,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imechanika pembe moja, lakini yote yamo.

Faraja aliisoma kabla yangu. Akaisoma kwa sauti pale kibandani, mteja amesimama anasubiri pilipili manga, yeye anasoma habari za ngazi mia na kumi na mbili. Akawasomea na majirani. Siku hizi humu ndani nasikia "mama mdogo" kuliko "mama". Mama mdogo angejua hesabu hii. Mama mdogo anaandika R hivi. Kweli, amebadilisha mwandiko wake, anaiga wako. Juzi nilimwelekeza sehemu ya desimali, akaniangalia kwa huruma akasema, "Asante mama, lakini mwalimu anataka njia mpya." Ile njia ilikuwa sahihi, Raya. Niliihakiki mwenyewe baada ya yeye kwenda madrasa.

Kuhusu kifuko chako, Ustadh Hamza wa madrasa alikiona kwenye begi akakichukua. Alisema mtoto wa Kiislamu hatembei na hirizi, iwe ya kwetu au ya Japani. Mimi sikubishana naye. Na hilo jina la mwanangu kwenye kibao cha hekalu, uliniuliza?

Naomba usinielewe vibaya. Nafurahi umefika ulikofika. Ila umenisimulia habari za msomi na hekalu la elimu kana kwamba unamsimulia mtu asiyejua elimu ni nini. Nani alikuwa wa kwanza pale shuleni Kinole kuanzia darasa la nne mpaka la saba? Mwalimu Eustace alikuwa ananiita niende ubaoni kuwaonesha wakubwa wangu. Matokeo yalipotoka, jina langu halikuwamo kwenye orodha ya waliochaguliwa. Nilisimama mbele ya ile karatasi nikaisoma kutoka juu mpaka chini mara tatu. Wenzangu niliowashinda kila muhula waliteremka mlima na matranka kichwani, mimi nikabaki kuchuma pilipili manga na mama. Miaka mitatu baadaye ukachaguliwa wewe. Nani alikubebea tranka mpaka stendi? Nilikubebea nikiwa na tabasamu.

Basi usidhani nina wivu. Nimechoka tu.

Dada yako,
Mwamvita

*

Mafiga
2 Julai 2024

Raya,

Jana Mjomba Rehani aliteremka kutoka Kinole. Nilishangaa, maana goti linamsumbua na hashuki ila kwa msiba. Nikamwekea chai na mihogo. Akanywa chai yote kwanza, ndipo akatoa barua mfukoni. Mwandiko niliujua kabla hajaifungua.

Kumbe umemwandikia mjomba. Umeomba upewe Faraja! Ukirudi mwakani akae nawe kwenye nyumba za wafanyakazi wa chuo, umsomeshe wewe, mimi niwe namwona siku za mapumziko. Na ukamwandikia mjomba, si mimi.

Nikamwambia, "Mjomba, mtoto ana mama."

Akasema, "Raya naye ni mama yake. Kwetu ninyi ni tumbo moja."

"Tumbo lililomzaa ni hili hapa."

"Mwamvita, usiwe na choyo. Mwenzio hajajaliwa mtoto, na shule anaijua. Wewe utampa nini huyu mtoto, viungo?"

Alitamka neno "viungo" kama mtu anayetema ganda. Mimi ndiye ninayempelekea dawa za goti kila mwezi. Sikumkumbusha hilo, kwa sababu Faraja alikuwa mlangoni na ndoo ya maji, na niliuona uso wake. Ulikuwa umeng'aa. Ungekuwepo ungefurahi.

Mjomba amekubali, na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa ukoo. Amesema atawaita wazee wa ukoo baada ya mtihani.

Nikuulize sasa, maana karatasi haioni aibu. Ulipata shule. Ukapata chuo kikuu, ukapata Japani, ukapata jina mlimani mpaka watu wasiotujua wanasema "yule binti wa Kinole". Mimi nina kibanda na mtoto mmoja ambaye baba yake alikwenda kukata miwa Kilombero akaoa huko. Katika vyote vilivyopo duniani, kilichobaki cha kutamani ni hicho changu kimoja?

Naona wivu. Haya, nimesema. Mwezi wa tano nilikudanganya. Naona wivu hata wa stempu ya Japani, nikiiona naigeuza bahasha kifudifudi. Lakini mimi sijawahi kukunyang'anya kitu, Raya. Hicho ndicho kinachotutofautisha.

Usimwandikie mjomba tena. Na Faraja usimwandikie.

Mwamvita

*

(Ndani ya bahasha hiyo hiyo, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne)

Kwako mama mdogo mpendwa,

Natumai hujambo na unaendelea vizuri na masomo. Mimi sijambo. Dhumuni la barua hii ni kukujulisha mambo mawili. Mama amenituma posta na bahasha haijafungwa, kwa hiyo nimeichomeka yangu. Yake sijaisoma yote.

Jambo la kwanza, Ustadh hakuchukua kifuko kama mama anavyosema. Hata hakukiona. Mama alikitumbukiza chooni, nilimchungulia. Halafu akakaa kwenye ngazi muda mrefu kama mtu anayeumwa. Sikumwambia kama nilimwona.

Jambo la pili, nilifurahi sana mjomba alipokuja. Lakini usiku ule mama alikuwa anafungasha mdalasini, akawa anarudia rudia kupima paketi moja tu, mpaka nikamwita. Sasa sijui kama bado nataka kuja kukaa na wewe. Naomba usimwambie mjomba kwamba nimesema hivi.

Mtihani ni Septemba. Desimali zimenipa shida lakini njia ya mama ndiyo iliyotoa jibu.

Ni mimi mwanao,
Faraja

*

Niigata
25 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Hii sitaichana. Nitaitia kwenye sanduku la posta lililo chini ya ngazi kabla sijapanda hekaluni, nisipate nafasi ya kubadilisha mawazo.

Umeandika kwamba hujawahi kuninyang'anya kitu. Ni kweli. Mimi nimekunyang'anya.

Januari 2007, ule mwaka uliobaki nyumbani. Wewe na mama mlikuwa shambani kule juu, mnachuma. Mimi nilikuwa natoka mtoni, nikakutana na Mwalimu Eustace njiani. Alikuwa anatembea haraka, shati limelowa jasho. Akanipa bahasha ya kaki. Akasema, "Mpe dada yako mkononi, leo hii. Nafasi ya sekondari imepatikana, chaguo la pili. Anatakiwa awe ameripoti ndani ya wiki mbili." Akanishika bega, akarudia, "Mkononi, Raya."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilielewa kila neno.

Usiseme nilikuwa mtoto. Wewe una mtoto wa miaka kumi na mitatu, unajua wanachoelewa. Nilielewa kwamba utaondoka, na kwamba ukiondoka utarudi ukiwa mkubwa zaidi ya ulivyo, wakati tayari nilikuwa sionekani nyuma yako. Kila nilipofanya hesabu mama alisema, "Dada yako angeshamaliza." Kila mwalimu aliyenifundisha aliniita mdogo wake Mwamvita. Siku ile nilipoona jina lako halipo kwenye orodha, nililia nawe, lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kilichokuwa kinapumua kwa mara ya kwanza. Halafu bahasha ikaja.

Niliichomeka kwenye makuti ya banda la mbuzi. Nikajiambia nitakupa kesho. Kesho ukaniamsha ukanisuka nywele. Nikasema kesho kutwa. Zikapita wiki mbili, nikajua sasa nikiitoa mama ataniua, nikaenda nayo mtoni. Haikuzama mara moja. Ilielea, ikagota kwenye jiwe, nikaisukuma kwa kijiti. Mwezi uliofuata Mwalimu Eustace akahamishiwa Dakawa na hakuna aliyeuliza tena.

Ulinibebea tranka mpaka stendi. Unakumbuka nilitapika njiani? Ulidhani ni woga wa shule.

Bi Haruko aliponisimulia habari za yule msomi, nilikaa kwenye ngazi za hekalu mpaka kipindi cha kwanza kikanipita. Nilikuwa siwazi habari zake yeye. Nilikuwa nawaza wale waliomsingizia, walikuwa wanakula nini asubuhi, walikuwa wanalalaje. Nilikuandikia kwamba naenda pale kama mgeni, na nikakuandikia kwamba kibao nilikiandika kwa ajili ya mtihani wa Faraja. Kweli niliandika jina lake. Nilidhani nikimchukua nikamsomesha mpaka mwisho, itakuwa nimekurudishia bila kulazimika kukuambia. Na hapo pia si ukweli wote. Anacheka kama wewe, dada. Nilitaka nami niwe na mtu anayecheka kama wewe, anayenitazama mimi. Hata nilipokuwa nalipa nilikuwa naendelea kuiba.

Nimemwandikia mjomba kwamba nimeliondoa ombi. Sikumwambia sababu.

Sikuombi unisamehe. Sijui nakuomba nini.

Raya

*

Niigata
17 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Miezi minne karibu. Simu yangu hupokei, na Faraja akipokea ananiambia mama yuko kibandani, hata saa ambazo najua kibanda kimefungwa. Sauti yake imekuwa ndogo. Sijamuuliza kitu.

Amenitumia ujumbe kwamba matokeo yametoka na amefaulu. Nilisoma nikiwa maabara, nikatoka nje nikasimama tu kwenye mvua. Hongera kwako. Nasema kwako kwa sababu nakumbuka ni njia ya nani iliyotoa jibu.

Mpunga umeshavunwa, mashamba yamebaki mashina. Hekaluni sijapanda tangu Agosti. Bi Haruko ameniulizia kwa wenzangu, akatuma matunda. Ningependa kujua kama barua yangu ilifika. Hata ukiandika neno moja, "Imefika", litanitosha.

Raya

*

Mafiga
8 Desemba 2024

Raya,

Imefika. Ilifika tarehe kumi na tisa Agosti, siku ya Jumatatu.

Niliisomea ndani, mlango nimefunga, wateja wanabisha. Nikaimaliza nikaianza tena. Nilingoja kulia na kilio hakikuja. Mwezi mzima nilipika, nikauza, nikamwandaa mtoto kwa mtihani. Sikutaka ajue lolote kabla hajaweka kalamu chini. Alipofanya mtihani, kesho yake nikafunga kibanda, nikapanda gari la Dakawa.

Mwalimu Eustace amestaafu, ana jaruba lake la mpunga pale kwenye skimu ya umwagiliaji. Nilimkuta kwenye mfereji amekunja suruali, mzee kabisa. Nikamwamkia. Akanikazia macho.

"Wewe ni Mwamvita," akasema. "Wewe ndiye uliyeikataa nafasi."

Miaka kumi na saba, Raya, mzee wa watu amekaa na hasira. Aliniambia alikwenda wilayani mara mbili kwa miguu kuitafuta ile nafasi, kwa sababu hakuamini orodha ya kwanza. Alipoona sikuripoti, alidhani mama alikataa, au nilipata mwanaume. Alisema tangu hapo hakumhangaikia mtoto mwingine namna ile. Nikamweleza. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji, miguu ikiwa kwenye maji. Hakukutukana. Aliuliza tu, "Na yule mdogo, amefika wapi?"

Nikasema, "Yuko Japani, anasomea mpunga."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Na wewe ulikuwa umemwacha mbali sana."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo. Nipo kwenye gari, tumefika karibu na mji, milima imejitokeza, nikaanza kucheka peke yangu mpaka jirani yangu akasogea. Nakuambia hili kwa sababu ni la ukweli na ni baya. Maisha yangu yote nimekuonea wivu. Nilidhani ndivyo Mungu alivyotupanga, wewe wa kutazamwa, mimi wa kutazama. Kumbe kulikuwa na mtu aliyenionea wivu mimi, tena kwa sababu ya kichwa changu! Nilifurahi, Raya. Kwa dakika kama kumi nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Halafu nikashuka stendi, nikakumbuka kwamba ni mimi niliyebaki na pilipili manga, na nikalia mpaka nyumbani.

Kuna na jingine ambalo sikulijua mpaka nilipokaa na barua yako. Si wewe peke yako niliyekuonea wivu mwaka huu. Nilimwonea mwanangu. Kile kifuko sikukitupa kwa ajili ya dini, na Ustadh nilimsingizia, Mungu anisamehe, nimekwenda kumwomba radhi hata kama hakujua kosa. Nilikitupa kwa sababu kuna mtu alikuwa amesimama mahali, nchi ya mbali, akaandika jina la mtoto ili afaulu. Langu hakuna aliyewahi kuliandika popote. Ndivyo nilivyodhani, sikujua kuna mwalimu aliyekwenda wilayani kwa miguu.

Faraja amechaguliwa shule ya kutwa hapa hapa mjini. Anaanza Januari. Atakaa na mimi. Hilo halina kikao.

Sasa kuhusu wewe. Umeniandikia ya yule msomi na radi zake. Mimi si yeye. Sijafia ugenini, sina radi, niko Mafiga nafungasha iliki. Mtu aliye hai hajengewi hekalu, na hachukuliwi mwanawe kwa siri ili alipwe. Anafuatwa anaambiwa. Umechelewa sana kuniambia lakini umeniambia, hilo nimeliona. Kusamehe sijafika. Sitaki kukudanganya tena mwaka huu. Kuna siku nafika karibu, halafu naona wanafunzi wa sekondari wanapita na sketi zao, narudi nyuma.

Mjomba bado anasema mimi nina choyo, kwamba ombi lako limeshindwa kwa sababu ya roho yangu mbaya. Amewaambia watu wa Kinole hivyo, na wananiuliza sokoni. Faraja naye anatuangalia mimi na simu, anajua kuna kitu, hajui nini. Mimi sitawaambia. Si kazi yangu.

Ukitua Septemba, hutafikia chuoni. Utafikia hapa. Utakula, utalala, asubuhi tutapanda Kinole wote watatu mpaka kwa mjomba. Utawaita wazee wale wale aliotaka kuwaita kwa ajili ya mtoto wangu, na utawaeleza ya bahasha kwa mdomo wako, mwanzo mpaka mwisho, Faraja akiwa anasikia. Watakuuliza maswali. Mjomba atapiga kelele. Utatamani ardhi ipasuke.

Mimi sitakusaidia kusema hata neno moja. Lakini nitakuwa nimekaa mkeka mmoja na wewe, ubavuni kwako, na sitaondoka mpaka umalize.

Dada yako,
Mwamvita